Gari Lililomwambia Amefika

Tuktuk ilitoka Gazi na abiria watatu nyuma: mimi pembeni, kati mama mmoja na kapu lake, na bwana mwenye kanzu nyeupe iliyojaa tope hadi magotini.

"Gari langu ni zuri, mama," bwana alisema. "Viti vya ngozi, baridi kama friji, na ramani inayozungumza."

"Liko wapi?"

"Limekwama kwenye mikoko. Liliniambia nimefika."

"Gari lenye adabu. Na watu hukuwauliza?"

"Ukiuliza njia huku, kwanza msalimiane, kisha uulizwe ukoo. Nina haraka. Binti yangu anaolewa Msambweni baada ya Adhuhuri, na walii ni mimi. Bila mimi hakuna ndoa."

Ukoo, kweli, gari halikumuuliza.

"Anaishi kwa nani?"

"Kwa mamake. Tuliachana binti akiwa anatambaa."

"Hujaja tena?"

"Kazi, mama."

"Basi usililaumu gari, baba. Nalo ndiyo mara yake ya kwanza."

Bwana alikuwa bado anajitetea tuktuk iliposimama msikitini Msambweni. Barazani wanaume wa kanzu walikuwa wakitazama barabara, wakimngoja walii. Bwana akashuka, akasimama mbele yao. Wakampisha kidogo, wakaendelea kutazama barabara.