Dagny Hakushusha Pazia

Tarehe 30 Juni, Dagny Thorup anastaafu baada ya kuutumikia ukumbi wetu mdogo wa maigizo hapa mjini Aalborg kwa miaka thelathini na minane, yote akiwa ameshika kamba ya pazia. Aliajiriwa kwa muda tu, kumshikia nafasi bwana mmoja aliyevunjika mguu. Mguu ulipona, kamba haikurudishwa.

Pazia letu ni zito na huvutwa kwa mkono, na waigizaji wamemwogopa Dagny kuliko wahakiki. Yuko mmoja, jina tumhifadhie, aliyependa kuwainamia watazamaji kwa shukrani hata makofi yakiisha. Alipoinama mara ya nne Dagny aliachia kamba. Watazamaji wakabaki na kichwa chake, sisi wa nyuma tukabaki na sehemu iliyosalia. Mimi wa taa nilicheka mpaka nikasahau kuzima.

Lakini humtaji Dagny bila kuitaja ile jioni ya komedia ya kinu. Ni mchezo wa kale tunaourudia kila majira ya baridi. Mfanyabiashara ana binti, jirani yake mzee ana kinu cha upepo cha kusagia nafaka, wanabadilishana, binti kwa kinu. Binti huzungumza sana mwanzoni, ila mwishoni mtunzi hakumwachia hata neno moja. Baba husema, "Chukua, ni wako," mzee humshika binti mkono, na hiyo ndiyo ishara ya kushusha pazia. Watu hucheka, kisha huchukua makoti yao.

Jioni hiyo binti aliigizwa na Signe Bach, aliyekuwa katika mkataba wake wa kwanza. Baba aliposema maneno yake, Signe aliweka mikono nyuma. Msimamizi wa jukwaa akamwamuru Dagny ashushe.

"Ishara yangu ni mikono kushikana," Dagny akamjibu. "Sijaiona."

Kicheko ukumbini kikakatika. Wanaume wawili wakabaki wamesimama, hawana la kusema, maana hawakuandikiwa. Mwishowe yule mzee wa kinu akatia mkono mfukoni, akamwinamia Signe, akatoka mlangoni. Ndipo Dagny akashusha.

Kesho yake mkurugenzi wa wakati ule alitaka kumfukuza Signe. Dagny alionyeshwa njia ya kujiokoa: aseme kamba ilikwama. Alikuwa na watoto wawili aliowalea peke yake, na kila mtu alijua.

"Kamba ni nzima," akasema. "Niliyengoja ni mimi. Ukimtoa yeye, nitoe na mimi."

Mkurugenzi alifikiria maonyesho yaliyosalia na pazia ambalo hakuna mwingine aliyeliweza, akaghairi. Signe akabaki, na yuko nasi hadi leo.

Nilimuuliza Dagny baadaye kwa nini alijitia matatani. Akaniambia kwamba miaka yote alikuwa akimshushia binti yule pazia kabla hajajibu, na safari hii alitaka kulijua jibu. Tangu hapo hatujabadili neno la mtunzi, ila hakuna anayemshika binti mkono asipoutoa mwenyewe. Kati ya wanaomwigiza, wengine huutoa. Wengi hawautoi, na ukumbi mzima hungoja.

Dagny, tunakushukuru kwa kila jioni uliyotushushia pazia, na zaidi kwa ile ambayo hukulishusha. Tunakuombea siku nyingi za raha. Nenda ukapumzike, na mtu asikuharakishe kujibu lolote.