Siku Moja Kati ya Kona Mbili

Kijiwe cha Birika kiko chini ya ukuta wa mawe, mkabala na soko la Lushoto, pale malori ya mboga yanapoegeshwa yakisubiri kujaa. Ukitokea sokoni, vitu vyake hupangika hivi: kwanza jiko la mkaa na birika la shaba la Athumani, muuza kahawa ambaye watu wamekwisha kumwita Birika na jina la baba yake wamelisahau, pili benchi refu la mbao za mkaratusi, tatu, upande wa kushoto wa benchi, Idrisa dereva, aitwaye Honi, kwa kuwa katika barabara ya kushuka Mombo hakuna kona anayoipita bila kuipigia honi, nne, upande wa kulia, Mzee Emanueli wa Gare, Mkatoliki na karani mstaafu wa mahakama, ambaye hawezi kukupa salamu bila kutaja kifungu, ndiyo sababu wakamwita Katiba. Alhamisi hiyo, saa sita mchana, ukungu ukiwa bado umekalia paa za mabati, kati ya wawili hao aliketi Kristian, mwinjilisti wa Kilutheri kutoka Mgwashi, mwenye umri wa miaka hamsini na mmoja na daftari lililofungwa kwa mpira. Saa nane alikuwa na mtihani wa mwisho wa theolojia na historia ya matengenezo ya Kanisa, katika chuo kidogo cha Biblia juu ya soko. Akifaulu, atabarikiwa kuwa mchungaji. Alikuwa amekwisha kuufanya mara mbili na kuanguka mara mbili, na kwa kanuni za chuo mara ya nne haipo. Kijiwe kilimwita Mchungaji Bado.

Jambo moja kijiwe hakikulijua. Mara ya kwanza Kristian alianguka kwa kutojua. Mara ya pili alijua kila kitu: alikaa, akasoma swali la kwanza, mikono ikamwia baridi kama mawe ya mtoni, na baada ya saa tatu akarudisha karatasi nyeupe. Tangu siku hiyo aliibeba hofu yenyewe kama ushahidi dhidi yake. Aliyeitwa kweli, aliwaza, haogopi.

— Haya, Bado, anza tena, alisema Athumani akimsogezea kikombe. Yule bwana wa Ujerumani alianzaje anzaje?

— Mwaka 1505, mwezi wa Julai. Martin Luther, mwanafunzi wa sheria, alikutwa na radi njiani. Akaanguka chini, akaweka nadhiri kwamba akipona atakuwa mtawa.

— Mwanafunzi wa sheria! Mzee Emanueli alinyanyua kidole. Hapo ndipo panaponiuma. Angemaliza masomo angejua pa kupeleka malalamiko.

— Mwache amalize, mzee, alisema Athumani.

— Mwaka 1517, Oktoba thelathini na moja. Hoja tisini na tano, zikagongomelewa mlangoni mwa kanisa la Wittenberg. Ingawa, Kristian aliongeza kwa uangalifu, wapo wataalamu wanaoitilia shaka habari ya msumari.

— Umesikia? Mlango si masjala! Mahakama gani inapokea shauri lililogongomelewa mlangoni? Halina muhuri, halina namba ya jalada. Angefuata utaratibu, leo mimi na Bado tungekuwa tunasali benchi moja.

— Mbona mmekaa benchi moja, alisema Idrisa.

— La kahawa!

— Kwani kilimkera nini hasa? aliuliza Athumani.

— Vyeti vya msamaha. Watu waliuziwa vyeti vya kupunguziwa adhabu ya dhambi. Yeye akasema mtu huhesabiwa haki kwa neema, kwa njia ya imani. Neema hainunuliwi.

— Hata ukichukua kwa jumla?

— Hata kwa jumla.

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, alisema Mzee Emanueli kwa huzuni.

— Guu lake lilivunjika wapi? aliuliza Idrisa.

— Rekodi hazisemi. Endelea.

Kristian akaendelea, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Akautaja mwaka 1530 kabla ya 1521, akarudi, akaiweka barua ya Papa baada ya hukumu, akasimama. Kijasho chembamba kikamtoka juu ya mdomo. Aliviringisha mpira wa daftari kwenye kidole mpaka kidole kikawa cheupe.

Idrisa alimtazama kwa muda, kisha akatema kashata iliyomkwama menoni.

— Bwana Bado, wewe miaka unaibeba kwenye gunia. Ukitia mkono unatoa yoyote inayokuja. Miaka haibebwi hivyo. Ipakie kwenye lori.

— Lori gani?

— Lori langu lile pale, linalopakiwa kabichi. Mimi darasa la nne nilitoroka, lakini niulize kona yoyote kutoka hapa mpaka Mombo, nitakwambia jina lake na kipi kinafuata. Kwa nini? Kwa sababu kona hazihami. Tushuke nalo. Ukitoka sokoni, kona ya kwanza, pale kijito kinapokatisha barabara. Nani kaanguka pale?

— Luther, alisema Kristian taratibu. Radi. 1505.

— Weka breki ndogo, piga honi. Kona ya ukuta mweupe?

— Hoja. 1517. Mlango.

— Kona ya tanuri la matofali, pana moshi kila siku?

Kristian alifumba macho. — Moshi. Desemba 1520. Papa alimwandikia barua ya kumwonya, naye akaichoma moto hadharani.

— Uongo mtupu! alisema Mzee Emanueli. Yaani si uongo. Nyaraka halali, kuchomwa! Kifungo miaka saba.

Wakiwa hapo, mama mmoja mwenye kitenge cha buluu na ushungi mweupe alifika na tenga la plamu, akawasalimu kwa Kishambaa. Wote watatu wa benchini walisimama nusu.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, wanangu. Lori la kushuka ni hili?

— Ndilo, Mama Hidaya, alisema Idrisa, aliyemfahamu kama abiria wa siku za gulio. Likijaa tunaondoka. Kaa hapo kwenye jiwe, tuko safarini na mchungaji.

— Mko safarini mmekaa?

— Tumefika tanuri la matofali.

Mama Hidaya aliitazama barabara, akawatazama wao, akakaa.

— Soni sasa, alisema Idrisa. Maporomoko. Maji yanapiga kelele mpaka abiria hawasikilizani. Nani anapiga kelele hapo?

— Wote, alisema Kristian, macho bado yamefumba, na sauti yake ilianza kubadilika. Mfalme mkuu, maaskofu, watawala. Mkutano wa Worms. Aprili kumi na saba, 1521. Anawekewa vitabu vyake mezani, anaulizwa kama anavikana. Anaomba siku moja.

— Nyoosha gari, pale pamenyooka kidogo. Halafu kona ile yenye mwamba huku na korongo huku?

— Aprili kumi na nane. Anajibu: havikani.

— Chini yake, msitu?

— Anafichwa ngomeni. Anatafsiri Agano Jipya kwa lugha ya watu wa kwao.

— Pale tambarare inapoonekana kwa mara ya kwanza, jua linakupiga usoni?

— Augsburg, 1530! Ungamo linasomwa hadharani, mbele ya mfalme, milango wazi.

— Na Mombo kwenyewe, joto, watu wote wanavua makoti?

— Mtaguso wa Trento, 1545 mpaka 1563.

— Huo ni wetu! Mzee Emanueli aliinuka, kahawa ikamwagika kwenye suruali. Nasi tulitengeneza! Waandike kwenye kumbukumbu! Ila ninapinga jambo moja: kwa nini Kanisa liwe linashuka?

— Mzee, kabichi hazipandi, alisema Idrisa.

Kristian alifumbua macho. Aliirudia njia nzima mwenyewe, kutoka kijitoni hadi Mombo, kona kwa kona, bila kukosea tarehe hata moja; akaipanda tena kinyumenyume, kutoka Mombo hadi kijitoni. Wapakiaji wawili wa kabichi walikuwa wamesimama na kabichi mikononi, wakisikiliza. Watu wa mbali wa miaka mia tano iliyopita, wenye majina magumu, walikuwa wamelala kwenye barabara yao, kila mmoja mahali pake, kana kwamba tangu mwanzo waliwekewa nafasi.

— Subhanallah, alisema Athumani kwa sauti ya chini. Mie nimeipita barabara hiyo maisha yangu yote, sikujua imebeba watu namna hii.

Lakini Athumani hakuwa mtu wa kustaajabu kwa muda mrefu bila kutoa nadharia.

— Ila wote mmeiruka asili. Nani kaleta radi? Mvua. Bila mvua hakuna radi, bila radi hakuna mtawa, bila mtawa hakuna Mlutheri, bila Mlutheri Bado angekuwa shambani kwake Mgwashi anapalilia viazi. Sasa niambieni, mvua yenye nguvu namna hiyo inatoka wapi?

— Mawinguni, alisema Idrisa.

— Vuga! Machifu wa kale pale Vuga si ndio walisifika kwa mvua? Basi kuna siku waliita mvua, ikapotea njia, ikaenda kumwangukia mwanafunzi wa watu Ujerumani.

— Ikavuka bahari?

— Mvua ina pasipoti? Halafu wamisionari wakaja huku wakidhani wanatuletea kitu kipya. Kumbe walikuwa wanakirudisha! Ndiyo maana wahenga walisema, kizuri chajiuza.

— Methali hiyo imeingiaje hapo? aliuliza Mzee Emanueli.

— Imeingia mlangoni, kama zile hoja.

Kijiwe kikaangua kicheko. Kristian naye alicheka, ila alipokishika kikombe chake hakuusikia moto wa kahawa. Mikono ilikuwa imeanza kuwa baridi. Imebaki nusu saa, tarehe zote zimekaa sawa, na mikono imeanza. Ndivyo ilivyokuwa mara ya pili.

— Wanangu, alisema Mama Hidaya, mimi si mtu wa dini hiyo, na shule sikuiona. Naruhusiwa kuuliza?

— Uliza, mama.

— Yule mtu, pale maporomoko ya Soni. Alipewa vitabu, akaomba siku moja.

— Ndiyo, mama, alisema Kristian. Aliulizwa mambo mawili. La kwanza, hivi ni vyako? Akasema ni vyangu. La pili, unavikana? Hapo ndipo alipoomba muda. Inasimuliwa kwamba alijibu kwa sauti ndogo mno, waliokaa nyuma hawakumsikia.

— Na vitabu aliviandika mwenyewe?

— Mwenyewe.

— Ameviandika kwa muda gani?

— Miaka minne, au karibu na hapo.

— Basi jibu alikuwa nalo. Siku moja aliiomba ya nini?

Mzee Emanueli alikuwa wa kwanza kufungua mdomo.

— Hilo ni ahirisho, mama. Mshitakiwa huomba ahirisho ili aonane na wakili.

— Wakili wake alikuwepo, alisema Kristian. Alisimama ubavuni pake.

Athumani alianza kusema habari ya mvua, akaona haifiki, akakoroga makaa. Mama Hidaya akamgeukia dereva, bila ukali, kama mtu anayeuliza bei.

— Na wewe, baba. Kona ile baada ya Soni, yenye mwamba na korongo. Kila siku unasimamisha gari, unashuka kwa miguu, unachungulia, unarudi. Abiria tunakucheka. Umeipita kwa miaka mingapi?

— Ishirini na saba.

— Unaijua?

— Kama kiganja changu.

— Sasa huwa unashuka kutazama nini?

Idrisa alifungua kiganja chake, akakitazama. Huyu alikuwa mtu ambaye hajawahi kukosa jibu, wala la polisi wa barabarani, wala la mkewe. Alikifunga kiganja.

— Sijui, mama, alisema. Najua tu kwamba sijawahi kupita bila kushuka.

Kristian alikuwa amekaa wima, daftari limemwangukia miguuni. Kwa miaka saba aliibeba siku ile kama tarakimu mbili, kumi na saba na kumi na nane, alama mbili za mtihani. Hakuwahi hata mara moja kumwona mtu aliyekuwa katikati yake. Sasa alimwona. Alimwona anatoka kwenye ukumbi ule baada ya kujibu kwa sauti isiyosikika, anarudi chumbani alikofikia, anafunga mlango, anakaa kitandani. Na mikono yake. Kristian alijiuliza kama mikono ya mtu yule aliyeitwa nayo ilikuwa baridi, na kitu kikapita mgongoni mwake, kikubwa na cha kimya, mfano wa msitu wa Magamba unapojitokeza ghafla juu ya mji ukungu ukifunguka.

Athumani aliinua birika kuwajazia. Likatoa matone matatu, kisha machicha.

— Kahawa imekwisha, alisema, na hakuna aliyelalamika.

Mpakiaji akagonga bodi ya lori mara mbili: limejaa. Idrisa alilibeba tenga la Mama Hidaya kwa mikono miwili, kwa heshima ambayo hakuwahi kuionyesha kwa tenga lolote. Mama Hidaya alichukua plamu moja, akamtia Kristian mkononi, akausikia jinsi mkono ule ulivyo baridi. Alikifunga kiganja cha Kristian juu ya plamu, akaenda.

Kristian alipanda ngazi za mawe za kwenda chuoni, moja baada ya moja. Ziko arobaini na tatu. Mlangoni alisimama Mwalimu Yudith, msimamizi wa mtihani, na saa ya ukutani nyuma yake ilionyesha saa nane kasoro dakika tatu.

— Karibu, Mwinjilisti. Uko tayari?

— Bado, mwalimu, alisema Kristian, na ilikuwa mara ya kwanza kulitamka neno hilo mwenyewe. Naomba dakika moja.

Mwalimu Yudith aliitazama saa, akamtazama yeye, akatikisa kichwa kukubali. Kristian akageuka, akasimama kizingitini na plamu mkononi. Chini kabisa, kwenye kona ya kijito, lori lilipiga honi. Alingoja mpaka sauti yake ikaisha milimani. Kisha akaingia.