Kamba ya Mwalimu Milcah

Baada ya miaka ishirini na minne ya kufundisha historia katika chuo chetu hapa Columbus, Mwalimu Milcah Jemutai anastaafu tarehe 29 Mei 2015. Ratiba ya Kiingereza ya hafla hii ya kumuaga imeshataja vyeo vyake. Hii ya Kiswahili aliitaka mwenyewe, akanipa mimi, Hesbon, niiandike, kwa kuwa tumegawana ofisi na birika la chai tangu 1996.

Alitoka Kenya kuja Louisville kusoma, akapanga chumba mtaa wa Beechmont, na ndani ya basi la kwenda chuoni ndimo alimosomea habari za kodi ya ardhi ya wafalme wa Kimughali wa India. Wengine tulipenda vita na mapinduzi. Yeye alipenda wapimaji: nani alipima shamba, kwa kifaa gani, na serikali ilichukua fungu gani la mavuno.

Kila Aprili aliwatoa wanafunzi nje, kwenye nyasi za nyuma ya maktaba, na kamba ya katani aliyoiloweka ndani ya ndoo tangu jana yake. Kamba ikilowa hunywea na kufupika. Shamba lile lile likipimwa nayo huonekana kubwa zaidi, na kodi hupanda. Kisha alitoa mianzi yenye pete za chuma, ambayo wafalme wale waliileta ili kukomesha hila hiyo, na kipimo kikarudi sawa. Alicheka kila mwaka kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. Mimi nililowa viatu.

Mwaka 2012 mswada wa kitabu chake ulikuwa Buffalo kwa mchapishaji, na uprofesa kamili ukikingoja kitabu hicho. Aprili ile Bwana Nshombo, Mkongo anayesafisha maktaba, alisimama na ufagio wake kututazama, akauliza kwa Kiswahili chake cha Kongo: "Bon, mama, na mwenye shamba, ye alikuwa wapi siku ile?" Kurasa mia tatu za mswada zilisema mengi juu ya mpimaji, na mkulima hakuonekana hata kisogo. Wiki hiyo hiyo Milcah akauondoa mswada kwa mchapishaji, akaurudisha nyumbani.

Nilimsihi asifanye hivyo. Nilimwambia kwamba Nshombo hakai kwenye kamati ya vyeo. Kamati nayo haikungoja, ndiyo maana cheo hicho hamtakiona kwenye ile ratiba nyingine. Nilikosea, dada Milcah, na naona aibu kwamba imenichukua miaka mitatu kusema.

Alhamisi moja ya Aprili mwaka huu alifundisha somo la kamba kwa mara ya mwisho. Ncha moja alinipa mimi, mpimaji wa mfalme. Nyingine akampa Nshombo, mwenye shamba. Nikatangaza kipimo changu. Nshombo akaitandaza kamba juani, akakaa kwenye nyasi. "Hapana, mama. Tungojee kwanza ikauke." Kengele ya kipindi ikalia, na hakuna mwanafunzi aliyeinuka. Milcah alikaa karibu naye, daftari magotini, akiandika.

Asante, Mwalimu, kwa miaka yote hii. Sura ya mkulima katika kitabu chako bado haijaisha, na sasa hakuna kamati ya kukuharakisha. Tunakuombea afya, siku nyingi za jua, na muda wa kutosha wa kungoja kamba ikauke.