Siku Washauri wa Komini Walipomfuata Brigadia Bulonza

Wasikilizaji wapendwa, punguzeni kidogo kelele za nyumbani, msogee karibu na redio. Leo tunamkumbuka polisi.

Stanislas Bulonza alifariki Jumanne iliyopita hapa Bukavu, akiwa na miaka themanini na moja. Alikuwa brigadia wa polisi, cheo kidogo kama cha sajini, tangu wakati wa Wabelgiji. Ndiyo, polisi. Najua wengine wenu mmekunja uso. Ngojeni kwanza.

Tuko mwaka 1959. Mitaa yetu imepata washauri wa komini, yaani wa baraza la mtaa, waliochaguliwa na wananchi kwa mara ya kwanza. Mmoja wao ni Évariste, fundi wa kushona, mtu wa maneno makali. Ameandika kanuni mpya: mgeni yeyote atakayekutwa mjini bila karatasi ya ruhusa atiwe kasho, yaani mahabusu ya polisi, mpaka gari limrudishe kwao. Kura itapigwa Ijumaa.

Mshauri mwenzake, mwalimu Théodore, akamwuliza: "Évariste, ile kazi ya polisi unaijua, ao unaisikiaka tu?"

Évariste akasema waende wakaione. Basi Jumatano asubuhi wote wawili wakaenda kwa Bulonza, wakaomba kutembea naye kutwa nzima.

Bulonza hakufurahi. Alidhani wametumwa kumchunguza. Hata hivyo akawaambia, "Karibuni, bapapa. Ila ile viatu yenu itaharibika."

Viatu viliharibika kweli. Mvua ilikuwa imenyesha, na njia za mlimani zilikuwa tope tupu. Évariste akateleza, akakaa chini na suti yake. Bulonza akamwinua bila kucheka. Kwenye bomba la maji walikuta wanawake wawili wameshikana nguo kwa sababu ya zamu. Bulonza akavua kofia, akakinga ndoo ya mmoja, halafu ya mwingine, mpaka zote zikajaa na hasira ikapoa.

"Hii nayo iko kazi ya polisi?" Évariste akauliza.

"Leo tangu asubuhi, njo kazi yenyewe."

Karibu na saa sita wakakutana na mama mmoja, Séraphine, mtoto mgongoni, kikapu mkononi. Alikuwa ametembea kwa miguu kutoka kijiji cha Mudaka, nje ya mji. Alipoiona sare ya polisi, akasimama.

"Karatasi iko wapi, maman?"

"Sina, papa. Chefu wa kijiji hakukuwa. Mutoto iko mugonjwa, siku tatu hanyonye. Munihurumie."

Wasikilizaji wapendwa, amri ya mkubwa wa Bulonza ilikuwa wazi: asiye na karatasi aletwe ofisini kwanza, angoje kuandikwa. Kungoja huko kungeweza kumaliza siku nzima. Nyumbani, kwenye kambi ya polisi, Bulonza alikuwa na mke wake Clémence na binti wa miezi saba, Colombe. Akifukuzwa kazi, nyumba nayo imekwenda. Alilijua hilo.  Kisha akawageukia washauri.

"Nyinyi njo munatunga sheria. Huyu nimupeleke wapi?"

 Évariste akanyoosha mkono, akaugusa mgongo wa mtoto. Ulikuwa moto. Mtoto hakulia, hakufungua hata macho.

"Hospitali," akasema kwa sauti ndogo. "Twende mbio." Akachukua kikapu cha yule mama, akakibeba mwenyewe.

Mtoto alikuwa na ugonjwa wa mapafu. Alitibiwa, akapona.

Ijumaa Évariste akasimama barazani. "Hii kanuni niliiandika bila kujua. Naomba muiondoe." Ikaondolewa.

Lakini Bulonza alivunja amri, na mkubwa wake akamvua galoni, ule utepe wa begani wa ubrigadia. Akarudi kuwa polisi wa kawaida. Hakulalamika. Théodore na Évariste waliandika barua, wakaenda ofisini mara tatu, wakafukuzwa mara mbili. Baada ya miezi minne galoni ikarudishwa. Évariste alikataa fundi mwingine asiiguse. Aliishona mwenyewe begani pa Bulonza, kisha akamwambia, "Aksanti. Ulinifundisha kazi yangu."

Binti wa Bulonza, maman Colombe, alituambia jana: "Papa hakutuelezeaka hata siku moja. Papa Évariste njo alitwambia, sisi tukiwa bakubwa. Tulimwuliza papa kama iko kweli. Akajibu tu, 'Mutoto alipona.'"

Kwa mama Clémence, kwa Colombe na ndugu zake, kwa majirani wote wa marehemu: poleni sana. Tunalia pamoja nanyi, na tunawashukuru kwa kutuazima mtu huyu miaka mingi hivi.

Na wewe unayetusikiliza, labda una kiti cha kuamulia mambo ya wengine, barazani, kazini, au hapo nyumbani kwako. Kabla hujatia sahihi, vaa viatu, toka, ukaguse kwa mkono wako.

Mungu amlaze pema, brigadia wetu.