Jonah Nzioka, Mzee Aliyeuzima Moshi Wake

Marehemu Jonah Nzioka alizaliwa mwaka 1938 huko Mbumbuni, mwana wa marehemu Muli Ndolo na marehemu Mutindi. Alisoma hapo hapo hadi darasa la nne, kisha ukame ukamrudisha nyumbani kuchunga mifugo.

Mwaka 1963 alihamia Kyuso, akaanza kuchoma makaa, kazi iliyoilea nyumba yake karibu miaka thelathini. Mwaka 1965 alifunga ndoa kanisani na Kavata, binti wa mzee Musyoka wa Tseikuru.

Lililotokea mwaka 1991 familia haijalielewa hadi leo. Katika semina ya kanisa, mgeni alieleza kwamba moshi wa makaa, wa mafuta ya taa na wa viwanda vya mbali unaitia dunia nzima joto, lakini umeme wa jua hauna moshi. Mzee alirudi nyumbani, akabomoa tanuri lake la makaa, akauza fahali wake wa pekee na kuleta sola. Kavata alimuuliza kama kweli ni Kyuso iliyoiharibu dunia.

"Mama Muli, hata mimi sijaelewa vizuri," alijibu. "Lakini huo moshi wangu nimeuzima."

Wiki ya kwanza taa zilikataa kuwaka. Mzee alikagua nyaya hadi akachoka, fundi akaitwa kutoka Mwingi. Alipopanda juu ya paa, alikuta ndengu za Kavata zimeanikwa juu ya sola. Mama alikuwa ameona pale ni pasafi, pana jua, na kuku hawafiki. Mzee alicheka hadi akakaa chini.

Agosti mwaka huu wa 1997 aliugua kifua. Daktari alisema ni moshi wa zamani wa makaa, ule aliokwisha kuuzima, na jambo hilo likazidi kutuchanganya. Alifariki tarehe 19 Novemba, akiwa ameacha agizo moja: jenereta isingurume kwenye mazishi yake, kipaza sauti kitumie sola.

Sasa mvua haikatiki, jua halionekani, betri imekufa. Mwanawe Muli alikuwa ameshakodi jenereta. Wazee walibishana: je, habari za marehemu zisisikike siku yake ya mwisho? Kavata ndiye aliyekata shauri.

"Irudishwe," alisema. "Hawa watu si wako na miguu? Wasongee."

Ameacha mjane Kavata, watoto Muli, Mutindi na Musyoka, na wajukuu saba.

Pumzika kwa amani, mzee wetu. Nanyi mlio nyuma, tafadhali sogeeni karibu.