Mapipa ya Mazutu Aliyoyaacha Kanyamibwa

Mgeni rasmi, Bwana Mkurugenzi mpya wa shamba la pareto, Padri wetu, Bwana Émile fundi wa moteri, wazee na majirani mliofika:

Sisi kina mama tunaosaga unga katika kinu cha Bihambwe tunakukaribisha kwa mikono miwili. Umepanda kwa miguu kutoka pale daraja lilipochukuliwa na mvua, na matope ya njia yetu yangali kwenye viatu vyako. Tunakuomba radhi kwa matope hayo.

Tunajua kilichokuleta. Umekuja kuyaona mapipa ya mazutu, mafuta ya dizeli yaliyolala bandani tangu enzi za mwenye shamba wa kwanza, ili uamue leo kama yamwagwe bondeni. Kabla hujaamua, twaomba usikie yalivyotunzwa.

TULIKOTOKA

Moteri, injini ya kinu hiki, ililetwa kilimani hapa mwaka 1946. Kabla yake kila mke alikuwa na jiwe lake la kusagia, na mgongo wake ulilijua. Asubuhi moteri ilipoguruma mara ya kwanza, Mama Mukashema alilibeba jiwe lake hadi mlangoni mwa kinu, akaliweka chini, akalikalia. "Na wewe pumzika," aliliambia. Lingali palepale, nasi tunalikalia tunaposubiri zamu.

Mlinzi wa mafuta alikuwa marehemu Papa Kanyamibwa, mume wa Mama Libérata, huyu aliyesimama mbele yako na ufunguo shingoni. Kanyamibwa alikuwa hodari wa pombe ya ndizi, na alijua njia moja tu ya kutunza kitu chema: shimo. Alipokabidhiwa mapipa ya kwanza aliyafukia penye ubaridi, akayafunika kwa majani ya migomba, kama tunavyovundika ndizi. Hakuna aliyemkataza, sisi sote tungefanya vivyo hivyo. Mvua zilipokwisha akayafukua. Kutu ilikuwa imekula chuma, maji yamepenya kizibo, na mafuta yamefanya ute mweusi. Moteri iliyanywa, ikakohoa, ikanyamaza.

"Papa Kanyamibwa," Mukashema alimwita mbele ya watu, "mazutu yako imeiva? Tulete mirija?"

"Cheka tu, Mama," alijibu, akijipangusa mikono. "Hii haiko pombe. Iko sawa mutoto muchanga: maji inamuua, moto inamuua. Sasa nimejua kumulea."

ALIVYOYALEA

Alijenga banda chini ya mikaratusi, mbali na majiko, lenye upepo na kivuli. Aliyalaza mapipa ubavu juu ya magogo, ili mvua ikivuja isituame juu ya vizibo. Pipa likishasogezwa, hakuruhusu liguswe mpaka mafuta yatulie. Maji na mashapo yakishuka chini, alichota ya juu tu. Mashapo hakuyamwaga kijitoni. Aliyapaka kwenye miguu ya nguzo za ua, na mchwa wakazikimbia.

Mwenye shamba alipoondoka alimwachia kofia yake nzito ya sufu. Hatukumwona nayo kichwani hata Jumapili moja.

"Papa, kofia ya Muzungu iko wapi?" tulimuuliza kanisani.

"Iko kazini," alisema.

Alikuwa ameigeuza chujio. Kila tone lililoingia katika moteri lilipita kwanza ndani ya kofia ile.

Siku hizo tulikuwa na desturi ya kuombana moto: mke anatoka kwa jirani na kaa jekundu juu ya kigae, akilipulizia njiani. Njia yetu ilipita mlangoni mwa banda. Kanyamibwa hakugombana na mtu. Alichukua jembe, akachimba njia nyingine ya kuzunguka mbali, akapanda maua penye ile ya zamani. Mpaka leo njia yetu imepinda, na watoto waliozaliwa baadaye hawajui sababu.

Vilevile alitufundisha kutotia mazutu katika taa. Mukashema, asiyefundishika kwa maneno, aliyatia kwenye arusi ya mwanawe. Wageni wote walitoka na pua nyeusi. "Mama," bibi arusi alimuuliza, "ulitaka kutuangazia ao kutukausha sawa nyama?"

SHIDA ILIYOPO

Papa Kanyamibwa alizikwa mwaka uliopita. Wiki za msiba, Mama Libérata akiwa ndani, mtu mwenye haraka alilibingirisha pipa na kuchota papo hapo, mashapo yakiwa yametibuka. Moteri ilizimika mara mbili, na habari ikakufikia kwamba mafuta yote yameoza. Hukukosea kuogopa. Baadhi yameoza kweli. Bwana Émile na Mama Libérata wameyatenga, na hatuyaombei. Lakini yaliyobaki ni safi, na daraja halipo. Yakimwagwa, hakuna gari litakaloleta mengine kabla ya kiangazi, na kila mmoja wetu atarudi kulitafuta jiwe lake.

Mama Libérata hakutaka tuseme habari zake. Tunasema hili moja tu: kila asubuhi hufungua banda, hugusa mapipa kuona kama yanavuja, hujaza mchanga mkavu katika ndoo za kuzimia moto, kisha huitundika kofia mahali pake. Nyumbani kwake hakuna kitu kingine cha mumewe anachokishika kila siku.

MAOMBI

Tunaomba mapipa safi yaachwe, yachanganywe na mazutu mapya kidogo yaliyopo, kama Bwana Émile anavyoshauri. Tunaomba bati la kuziba paa linapovuja. Tunaomba ufunguo ubaki shingoni ulipo.

Mgeni rasmi, tangu tulipoanza kusoma umesikia mngurumo nyuma ya mikaratusi, na msomaji wetu amelazimika kupaza sauti. Utusamehe. Ni moteri. Bwana Émile aliiwasha kabla hujafika, nayo inakunywa kutoka katika mapipa uliyokuja kuyamwaga, yaliyochujwa kwa kofia ileile. Haijakohoa.

Mungu akushike mkono katika mteremko, na akurudishe kwetu daraja likisimama, uje kula ugali wa kinu hiki.

Ni sisi,
Kina Mama wa Kinu cha Bihambwe.
Imesomwa na Mama Mukandori.