Jinsi Nilivyomtoa Dada Yangu Isebania

Mama zangu na dada zangu wa kikundi chetu, asanteni kwa kunipa nafasi. Nitasimama, maana jambo hili siwezi kulisema nikiwa nimekaa. Huyo ninayekuja kumzungumzia ameniruhusu. Juzi nilimuuliza, "Nikiitwa mbele, niseme mpaka wapi?" Akanijibu, "Sema hata matapishi." Basi wenye roho nyepesi mnisamehe.

Mnajua nauza samaki Homa Bay. Omena iliyonyeshewa mvua, matumbo ya mbuta yaliyolala juani, vyote nashika kwa mikono yangu na chakula cha mchana nakula vizuri. Lakini sijawahi kunusa kitu kibaya kama chumba cha dada yangu mkubwa.

Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Yeye ndiye alinisomesha baba alipofariki. Alikuwa mtu wa kupiga pasi hata kitambaa cha mkono. Mwanzoni mwa miaka hii ya tisini mume wake alimwacha akaoa mwingine, dada akaanza na bia kidogo jioni. Bia ikageuka chang'aa, na jioni ikageuka asubuhi. Aliingia darasani watoto wakishika pua. Shule ikamwachisha kazi, akaja kukaa kwangu hapa Rodi Kopany.

Ndugu zangu, ulevi wa mwanamume watu huufanyia mzaha. Wa mwanamke wanaufungia ndani, na ndani ndiko mimi nilikokuwa. Alikojolea godoro mpaka likaoza. Siku moja alitapika kwenye sufuria ya uji, akaifunika vizuri na kifuniko, akairudisha jikoni. Mimi nikaifungua asubuhi niwape watoto. Nilitoka nje nikatapika pia.

Kaka yetu alikuja akasimama mlangoni tu, hakuingia.

"Mrudishe nyumbani akafie huko," akasema. "Mimi hata kikombe chake siwezi kugusa."

"Usiguse," nikamwambia. "Nitaosha mimi."

Niliosha nikiwa nimefunga leso puani, nikichukia kila kitambaa nilichokamua. Sikuwa nikiimba nyimbo za sifa, msidanganyike.

Halafu dada akatoweka. Tulimtafuta mpaka mwanamke anayeuza nguo za mitumba akatuambia amemwona Isebania, nyuma ya soko, kwa mama pima mmoja, muuza chang'aa. Nikaenda. Ilikuwa mchana mweupe, na nilisikia kicheko kabla sijaona nyumba.

Wanaume walikuwa wamejaa kwenye mabenchi. Mbele yao alisimama dada yangu, ana kiatu kimoja, mkononi ameshika kipande cha mkaa. Alikuwa ameandika hesabu kwenye ukuta wa udongo. Mkono ulimtetemeka mpaka namba zilikuwa kama mikwaruzo ya kuku.

"Mwalimu, tufundishe," mmoja akasema. "Ukikosea hupati kitu."

Dada akawauliza jibu, kwa sauti ileile ya darasani. Wakamjibu kwa mlio wa ng'ombe. Kisha mwenye tai shingoni, mtu wa ofisi kabisa, akamimina pombe kidogo kwenye kifuniko cha mkebe akakiweka chini kwenye vumbi, pale kuku walipokuwa wakichakura. "Piga magoti kwanza," akamwambia. Akapiga magoti. Akainama akanywa bila kutumia mikono, kwa sababu mikono haikuwa ikishika. Na wale waliokuwa wakicheka sana, nawaambia, hawakuwa hata walevi. Walikuja kutazama.

Nimeona uchafu mwingi kwa dada yangu, lakini uchafu ule wa watu wazima waliovaa viatu vizuri sijaupata mahali pengine. Nilimwendea mama pima.

"Mama, wewe una dada?"

"Mimi nauza tu," akasema, akiosha glasi.

Dada akaniona. Akafunika uso. "Nyamera, usinitazame."

"Nimeshatazama. Simama twende."

Nilimwinua. Akanitapikia begani, matapishi yakateremka mgongoni, ya moto. Ngozi yote ilinisisimka kwa kinyaa, lakini sikumwachia. Tulipita katikati ya mabenchi hivyo hivyo, na hapo kicheko kikakatika.

Nilimpeleka moja kwa moja hospitali. Daktari alinionya kwamba mlevi wa namna hiyo ukimfungia chumbani akose pombe ghafla anaweza kufa, kwa hivyo akamlaza. Alitetemeka mpaka kitanda kikalia. Aliona siafu wakitoka ukutani, akanipiga akidhani nawaleta mimi. Nyinyi mama wa kikundi hiki mlikuja kwa zamu, mkabadilisha shuka ambazo mimi sikuwa tena na nguvu za kuzitazama. Mmoja wenu alitoka nje kwanza akatapika, akarudi akamaliza kazi. Sitamtaja. Anajijua.

Dada alipotoka hospitali, mama mmoja Mwislamu mwenye duka la vitambaa mjini alimchukua. "Aje akunje vitenge hapa," alisema. "Kwangu pombe haivuki mlango." Alikuwa akimpitia asubuhi mwenyewe, asije akapitia kwingine. Dada alianguka tena kwenye pombe Krismasi iliyofuata. Tulimrudisha hospitali, tukaanza upya. Sasa hanywi. Shule haikumtaka tena, anashona sare za watoto, na kitandani mwake ukilala unanusa sabuni.

Nawashukuru nyote, na yule mama wa duka, na daktari aliyeniambia ukweli. Harufu ya chang'aa ikinipita njiani mpaka leo natema mate, na nikifika Isebania nikimwona yule mwenye tai navuka barabara.

Wengi hapa mna mtu nyumbani mnayemwonea kinyaa, na mnafikiri kinyaa hicho maana yake hamumpendi, basi mnangoja kiishe ndipo mwende kumsaidia. Hakiishi. Nenda nacho. Beba maji, beba sabuni, ingia.